Muuguzi Aliyeandika Woga

Nilifika Garsen kwa sababu barabara ya kwenda Lamu ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimeanzia Moyale, ambako nilichoka kuuza matairi ya mtu mwingine. Nikashuka Isiolo, nikakaa msimu mmoja. Nikashuka Garissa, nikakaa tena, ila si sana, maana joto la Garissa humfanya mtu aanze kuyafikiria maisha yake. Pale nikapata lori lililokuwa likienda Hola kuchukua matikiti, nikalala juu ya turubai nikitazama nyaya za umeme zikinipita. Hola dereva alijaza mzigo wake akageuza. Nikadandia lori jingine, la saruji, likaharibika gia kabla ya Wenje, nasi tukakaa kando ya barabara mchana kutwa tukila ndizi za kuchoma tulizouziwa na kina mama waliotoka mtoni. Sikuwa na haraka. Wala sikuwa na utulivu. Hivyo viwili mtu huweza kuvikosa kwa pamoja.

Nilikuwa naelekea Lamu kwa kuwa nilisikia bandarini kuna kazi. Garsen wakaniambia maji yamevuka barabara huko mbele, mabasi yamelala, nisubiri. Nikatafuta chumba. Mwenye hoteli akanielekeza kwa kidole: nyuma ya duka la dawa za mifugo kuna mama ana vyumba, kamuulize.

Mlangoni palibandikwa karatasi yenye mwandiko mkubwa wa kalamu nene: GONGA, INGIA. Nikagonga, nikaingia.

Ndani aliketi mwanamke mtu mzima, mnene, miwani imeshuka puani, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi, kompyuta juu ya mapaja. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyeletewa kitu alichokitafuta muda mrefu.

"Mbona hukupiga hodi?"

"Imeandikwa gonga, ingia."

"Na hukungoja kuambiwa karibu."

"Haikuandikwa ngoja."

Akautoa mguu kwenye beseni. "Wewe si mtu wa hapa."

"Napita tu, mama. Naenda Lamu."

"Lamu itakuwepo hata mwezi ujao. Unajua kusoma?"

"Nilimaliza sekondari."

"Sikukuuliza umemaliza nini."

Karatasi ile ilikuwa mtego wake. Mtu wa Garsen, awe Mpokomo, Muorma, Msomali au Mgiriama, hata umwandikie ingia kwa herufi za ukubwa wa ng'ombe, atagonga, atapiga hodi, atarudi nyuma kidogo, atangoja karibu. Ni adabu, na ni adabu nzuri. Lakini kwa kazi aliyokuwa akiifanya yule mama, adabu ilikuwa ugonjwa, na alikuwa anatafuta mtu asiyeugua.

Watu wote walimwita Sista. Hakuwa mtawa, alikuwa muuguzi aliyestaafu. Alikuwa amekaa wodi ya wazazi miaka mingi, na nusu ya watu niliokutana nao mjini pale walipokewa duniani na mikono yake. Walimpenda, ila walimwogopa pia, kana kwamba angeweza kuwarudisha walikotoka.

Kuandika alianzia wodini. Alikuwa akibandika ukutani maelekezo ya muuguzi mgeni atakayeachwa peke yake kwenye zamu: fanya hili, kisha hili, ukiona hivi niite. Kampuni moja ndogo ya Nairobi ilipoanza kutuma jumbe za simu kwa wajawazito, ilimwomba aandike jumbe hizo. Baadaye kampuni ikaongeza huduma nyingine, jumbe za mto. Tana ina tabia ya kufurika huku chini jua likiwa linawaka; mvua imenyesha milimani, na maji huchukua siku kadhaa kuteremka. Ujumbe ukifika mapema, mkulima wa Ngao au Hewani anapandisha mpunga wake juu, na mfugaji anawatoa ng'ombe bondeni. Ukichelewa, kila mtu anajua kinachotokea.

Huduma yenyewe haikukaa Garsen wala Nairobi. Ilikaa kwenye kompyuta za kukodi za mbali, zile zinazoitwa wingu. Programu ya jumbe ikileta matatizo, au ikitengenezwa upya, kulikuwa na chombo cha kuiondoa ile ya zamani na kuisimamisha mpya mahali pake. Zamani vijana wawili wa ofisini walifanya kazi hiyo kwa zamu. Sasa ilikuwa inahamishiwa kwa wakala, yaani akili ya kompyuta inayosoma maelekezo kwa lugha ya kawaida na kuyatenda yenyewe. Maelekezo hayo, kwa Kiswahili, aliyaandika Sista. Mjini ukisema wakala watu walidhani yule wa kutoa pesa kwa simu, kwa hiyo yeye alikiita kitu kile Wa Zamu.

"Kubadilisha programu ni kama kubadilisha zamu wodini," aliniambia siku ile ya kwanza. "Anayeondoka lazima amkabidhi anayeingia. Wagonjwa hawa, dawa hizi, huyu bado hajapata. Anayeondoka akienda bila kukabidhi, wagonjwa wapo, lakini hakuna anayejua wapo."

Nikamuuliza kazi yangu mimi ni ipi.

"Kusoma nilichoandika na kufanya hicho tu. Usiongeze akili yako."

"Na malipo?"

"Chumba na chakula, na kitu kidogo. Barabara ikifunguka, nenda zako."

Kilichotokea msimu wa nyuma nilielezwa na dada yake mkubwa, mkulima wa Kilelengwani, aliyekuja mjini siku ya soko. Aliingia ameshika kuku wawili vichwa chini, akanikuta kwenye kompyuta.

"Huyu naye nani?"

"Ni wa kazi," Sista akamjibu.

"Kazi gani?"

"Kutojua."

"Hiyo wengi huku wanaifanya bure." Akaketi, akanigeukia. "Wewe kijana, umeambiwa simu yake ilinifanya nini? Ilikuja maji yakiwa hapa." Akajigusa kiunoni. "Ikaniambia maji yanakuja. Nikaiambia ahsante, nimeshayaona."

Alicheka mwenyewe. Sista hakucheka. Mpunga wote wa dada yake ulikwenda na maji yale, na ukuta wa nyumba wa upande wa mto, na yeye mwenyewe alitolewa na vijana kwa mtumbwi akiwa juu ya meza. Tangu hapo Sista alikuwa akimsihi ahamie mjini, naye alikuwa akikataa. Shamba ni la mama yao. Atahamaje?

Kisa kilikuwa hiki. Kwenye maelekezo ya mwanzo Sista aliandika: kama jumbe hazipokei majibu ya kufika, iondoe programu na usimamishe mpya. Ni busara, kwa mtu wa Nairobi. Lakini huku mvua na upepo vikija, mtandao wa simu unaondoka, na kila mtoto anajua. Simu isipoita, mtu wa Garsen hasemi imekufa. Anatazama mawingu na kuendelea na shughuli zake. Wa Zamu hakuwa na mawingu ya kutazama. Aliona kimya kutoka kata za chini za mto, akasoma alichoandikiwa, akaiondoa programu pamoja na jumbe zote zilizokuwa zinangoja kutumwa, akasimamisha mpya yenye mikono mitupu. Kimya tena. Akaondoa tena. Aliendelea hivyo asubuhi nzima, kwa utiifu kamili.

Na maelekezo hayo yalikuwa yamejaribiwa. Sista aliwapa watu wawili, mwalimu wa shule ya msingi na kijana wa duka la simu. Kila mmoja kwa wakati wake alifika hatua ile, mtandao ukawa umeondoka, akangoja urudi, kisha akamwambia iko sawa kabisa Sista. Wote wawili waliona kwamba karatasi haisemi ngoja. Hakuna aliyemwambia. Kijana wa duka la simu nilimuuliza mwenyewe, akiwa anabadilisha kioo cha simu ya mtu.

"Buda, nitaanza wapi?" akaniambia. "Niende nimwambie Sista umesahau? Yule ndiye alinikata kitovu."

Basi ndiyo maana alimtaka mtu wa njia. Kabla ya mvua nyingine ilikuwa lazima maelekezo yawe bila pengo, kwa sababu safari hii kampuni ilikuwa inawaondoa wale vijana wa zamu. Wa Zamu angebaki peke yake na mto, na dada yake Sista angebaki Kilelengwani, chini ya mto huo huo.

Tulifanya kazi kwenye huduma ya mazoezi, nakala isiyotuma ujumbe kwa mtu yeyote. Mimi mbele ya kompyuta, yeye nyuma yangu na kalamu. Asubuhi ya kwanza ilikuwa vita.

"Hatua ya pili," nikasoma, "hakikisha huduma iko hai." Nikakaa.

"Mbona umekaa?"

"Sijui kuhakikisha."

"Si uitazame?"

"Haikuandikwa niitazame wapi."

Nikasikia kalamu ikikwaruza nyuma ya kisogo changu. Hakukasirika. Alikasirika siku nilipofika penye "subiri kidogo". Niliinuka, nikaenda hadi stendi, nikatazama basi la Garissa likipakia, nikazungumza na utingo juu ya bei ya miraa, nikafikiria kupanda, nikala viazi, nikarudi baada ya adhuhuri. Nilimkuta amesimama mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nasubiri kidogo."

"Hicho ni kidogo?"

"Moyale ni kidogo."

Akanitazama sana. Kisha akaenda kulifuta neno kidogo katika maelekezo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuanzia siku hiyo likawa haramu ndani ya nyumba ile. Alikuwa na maneno mengine ya haramu. Kawaida, kwa mfano. "Kama kawaida ya nani?" angeuliza. Haraka. Ipasavyo. Ikiwezekana. Hilo la mwisho alilichukia kama mtu anavyochukia nyoka. Alisema ukimwandikia mtu ikiwezekana umemwachia mzigo wako barabarani ukakimbia.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mpangilio. Ukiniuliza kitu gani ninachokumbuka zaidi juu yake, ni kwamba hakufuata maelekezo ya mtu yeyote maishani mwake. Dawa zake za presha alimeza alipokumbuka, akikumbuka nyingi anameza nyingi, yeye, muuguzi. Ibada iliyoanza asubuhi aliingia wakati wa matangazo. Simu yake ilimshinda, akawa anaibonyeza kwa hasira kama anaua kunguni. Alipika wali kwa kukisia na ukaiva kila siku namna tofauti. Nilimwambia siku moja, Sista, wewe mwenyewe hungeweza kuwa Wa Zamu hata kwa saa moja. Akasema, "Maelekezo ni ya wageni. Mimi niko kwangu."

Jambo jingine. Mwisho wa kila hatua ngumu aliandika tafadhali. Kisha analifuta, kwa kuwa Wa Zamu hahitaji kubembelezwa. Kesho yake nalikuta limerudi. Nilipomuuliza alisema, "Najua yeye halihitaji. Mimi ninalihitaji."

Barabara ya Lamu ilifunguliwa. Nilisikia sokoni, nikaenda kukunja nguo zangu, nikazikunja vizuri, kisha nikamsikia akiita kwamba ameandika upya hatua ya tano, nikaenda. Ndivyo nilivyokaa. Kila basi lililopita nililitazama. Miguu yangu haijawahi kunielewa wala mimi sijawahi kuielewa, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na kazi inayohitaji mtu asiye na mizizi, na nilikuwa naiweza.

Meneja wa Nairobi, kijana mwenye adabu na haraka, alipiga simu kila wiki. Sista alimweka kwenye spika ili aendelee kuchambua mchicha.

"Sista, shikamoo."

"Marahaba."

"Sista, hii kitu tunaiachia lini? Vijana wa zamu nishawaambia wanamaliza mwisho wa mwezi."

"Waambie bado."

"Lakini kila kitu kiko kwa karatasi, si ndio? Hatua zote ziko."

"Hatua ziko. Woga haupo."

Meneja akaaga. Alipokata simu nilimwomba Sista anieleze, naye akaweka mchicha chini.

"Muuguzi mgeni akiachwa na mama anayevuja damu, anaogopa," akasema. "Ule woga ndio unaomtoa mbio kuja kuniita. Karatasi zangu za wodini zilikuwa na mapengo makubwa kuliko mlango huu, na sikujua, kwa sababu woga wa wale wasichana uliyaziba. Huyu wa sasa haogopi. Atafika penye pengo ataruka. Kwa hiyo lazima nimwandikie woga, mahali hasa pa kuogopea, na aogope vipi."

Akakaa siku nyingi akiutafuta woga huo. Alitembea nao uani, akaenda nao kanisani. Hatimaye ulikuja wenyewe na miguu yake, kwa umbo la mzee mmoja Muorma, mfugaji, aliyeleta maziwa kwenye duka la mbele. Alipita kulalamika, amesimama mlangoni na fimbo begani, kofia mkononi.

"Sista, simu yako nyamaza wiki nzima. Mto ndio nalala, ama nyinyi nakufa?"

"Sisi wazima, mzee wangu. Mto hauna habari."

"Basi leta simu, sema habari hakuna. Mimi kimya ya ng'ombe najua. Ng'ombe nyamaza hivi, ni maji nakunywa. Nyamaza vile, simba iko. Kimya ya simu yako mimi hapana jua ni ya nini."

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Mzee alipoondoka, alivuta kompyuta akaandika bila kunyanyua kichwa, na hatua ya tano, ile ya kimya, ikawa hivi, naikumbuka kwa kuwa niliifanya mara nyingi kuliko nilivyosali: *Ukikuta kimya, usitende. Kwanza uliza ni kimya cha nani. Kama kata za juu ya mto zinajibu na za chini haziji, programu ni nzima. Ni mtandao wa chini uliokwenda. Usiiondoe. Shika jumbe mkononi, jaribu tena kila robo saa, na mjulishe mtu. Kama kata zote ziko kimya, simama hapo hapo umwite mtu, na usiguse kitu mpaka akujibu. Hapa ndipo pa kuogopa. Tafadhali.*

Mvua zilianza milimani sisi tukiwa bado tunatoka jasho. Meneja akasema haiwezekani kungoja tena, akaweka maelekezo mapya, na vijana wa zamu wakaenda zao. Siku mbili tatu jumbe zilikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja mbingu ya Garsen nayo ikashuka, upepo ukapiga mabati, na mtandao ukaondoka.

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tulijua Wa Zamu atakutana na kimya. Hatukukumbuka kwamba sisi ndio tutakuwa ndani ya hicho kimya. Sista hakuweza kuona anachofanya Wa Zamu wala kumpigia mtu. Kule mbali kitu kisichoogopa kilikuwa kinasoma sentensi zake, na ujumbe wa Kilelengwani, ule wa kusema maji makubwa yamepita Garissa, ulikuwa mikononi mwake au umeshatupwa.

Alipiga simu ya dada yake. Haikuita. Akaosha sufuria zilizokuwa safi. Akazipanga, akaziosha tena.

"Hatua ya tano," akasema. "Nilisema za chini haziji, au hazijibu?"

"Umeandika haziji."

"Ataelewa?"

"Mimi nilielewa."

"Wewe una masikio."

Sikuweza kukaa. Kukaa si kipaji changu hata siku njema. Nilimtafuta mwenye bodaboda, nikamwambia anipeleke upande wa barabara kuu mpaka simu ipate uhai, popote hapo. Tulikwenda kwenye matope tukiteleza kama samaki, na karibu na Minjila simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa meneja, umetumwa asubuhi ile. Wa Zamu alikuwa amesimama. Alikuwa amemwandikia kwamba kata za juu zinajibu, za chini ziko kimya, hivyo ameshika jumbe zote, anajaribu kila robo saa, hakugusa kitu. Meneja aliuliza: nimwambie aanzishe upya? Nikamjibu kwa vidole vyenye matope: Mwache.

Niliporudi na kumweleza, Sista alikaa kitandani, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso, akaivaa. Hakusema neno la shukrani kwa Mungu wala kwa mtu. Aliuliza kama nimekula.

Alasiri mtandao ulirudi kwa muda mfupi tu, wa kuchemsha chai, ukaondoka tena. Hatukujua kama muda ule ulitosha.

Dada yake alifika kesho yake nyuma ya bodaboda, na pikipiki nyingine ikimfuata na magunia. Alikuwa na mkeka kwapani na kuku kikapuni. Akasimama mlangoni akitiririka maji.

"Nimekuja kukaa," akasema. "Simu yako imenifukuza kwangu."

"Ilikuja?"

"Jana alasiri. Nikapandisha mpunga kwa jirani wa juu, mwingine ndio huo. Maji yamekuja alfajiri yakakosa hata mtu wa kuamkiana naye." Akamtazama mdogo wake. "Mbona umesimama hivyo? Nipokee mzigo, au mpaka niandikiwe?"

Sista akaupokea mkeka, akaingia nao jikoni, na huko akakaa zaidi ya muda unaohitajiwa na mkeka. Dada yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Alikuwa analia hivyo hivyo hata utotoni. Lazima ashike kitu."

Ningeondoka wakati ule ningeondoka kama shujaa. Sikuondoka. Maji yaliposhuka dada mtu alirudi shambani, na Nairobi wakabadilisha kile chombo cha kuondoa na kusimamisha programu. Amri zake zikawa nyingine, majina mengine, na maelekezo yakahitaji kuandikwa upya yote. Tukaanza tena, mimi mbele, yeye nyuma. Sasa nilikuwa na rafiki wa kunywa naye kahawa, mzee Muorma aliniita kwa jina, na kina mama wa sokoni waliniongezea nyanya.

Siku moja nilimaliza jaribio zima bila kukwama. Nikamgeukia nikitabasamu. "Iko sawa kabisa, Sista."

Hakutabasamu. "Kabla ya kuiondoa programu ya zamani ulifanya nini?"

"Nilitazama kama jumbe zimekabidhiwa kwa mpya."

"Imeandikwa?"

Nikasoma. Nikasoma tena. Haikuandikwa.

"Mstari huo nimeufuta leo asubuhi kwa makusudi," akasema. "Umeutoa wapi?"

"Nilidhani umesahau."

"Mbona hukuniambia?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, nikaliona linavyokuja, la kijana wa duka la simu na la mwalimu wa shule ya msingi. Ningeanzaje? Mtu wa umri wake, aliyenipa chumba, anayeniuliza kila siku kama nimekula.

"Ndiyo hivyo," Sista akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Umeshakuwa mtu wa hapa. Hunifai tena."

Nimefukuzwa kazi mahali pengi, kwa kuchelewa, kwa mdomo, kwa kutoonekana siku tatu. Sijawahi kufukuzwa kwa sababu hiyo, na nilikaa kwenye kiti kile nisijue kama nimetukanwa au nimebarikiwa. Aliniambia naweza kubaki, chumba ni changu, mjini hapakosi kibarua. Alisema kweli. Ningeweza. Lakini kumsikia mtu akiniambia mimi ni wa mahali fulani kulinitia kiwewe kuliko kulala juu ya saruji njia nzima. Wiki ile ile nikanunua tiketi ya Mombasa.

Alinisindikiza stendi, jambo ambalo miguu yake haikulipenda. Njiani alisalimiwa na kila mtu. Aliniambia ameshapata mwingine, fundi wa mabomba wa kutoka Kitui, aliyekuja kutengeneza bomba akamwambia mbele ya watu kwamba kiti chake kimekaa mahali pa kijinga.

"Huyo atadumu?"

"Miezi. Nanyi huwa hamdumu. Huku watu wanawaharibu kwa wema."

Basi likawasha mashine. Nikaingia, nikapata dirisha, naye akasimama chini amejikinga jua kwa mkono. Basi lilipoanza kusogea, nikatoa kichwa.

"Sista! Hatua ya nane ni mbaya. Tangu zamani ni mbaya. Unamwambia athibitishe na mtu, humwambii akikosa mtu afanye nini."

Akaganda. "Na ulinyamaza siku zote hizi?"

"Sasa naondoka. Na ya tisa ni ndefu, nilikuwa nalala katikati."

Akaanza kutembea sambamba na basi, mnene, anachechemea, akipapasa ndani ya mkoba. Akapata kalamu, karatasi hakuna. Watu wa stendi wakampisha.

"Sema polepole," akasema, na akafungua kiganja cha kushoto akaanza kuandika juu yake. "Ya nane. Akikosa mtu. Endelea."

Niliendelea kusema mpaka nikawa siisikii sauti yangu kwa kelele ya mashine. Nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, kichwa chini, anaandika.